Runinga ya Hungaria: mmiliki binafsi ni kinga?

Hadi mwaka 1989 Wahungaria hawakuwa na runinga siku za Jumatatu. Stesheni ya taifa, Magyar Televízió, ilifunga matangazo na kila mtu akatafuta la kufanya. Stesheni hiyo ilizinduliwa rasmi Mei 1, 1957, kwa kuonyesha maadhimisho ya Mei Mosi kutoka Uwanja wa Mashujaa jijini Budapest, miezi michache tu baada ya vifaru vya Kisovieti kuzima mapinduzi. Juni 1989 kamera zilirudi kwenye uwanja uleule kuonyesha moja kwa moja mazishi mapya ya Imre Nagy, waziri mkuu wa wakati wa mapinduzi hayo, aliyenyongwa na utawala wa kikomunisti. Kijana mmoja alipanda jukwaani akataka majeshi ya Kisovieti yaondoke. Alikuwa Viktor Orbán, aliyekuja kuwa waziri mkuu.

Mwaka 1997 zilikuja TV2 na RTL Klub, stesheni za biashara, na watazamaji wakahamia huko. Wapo wanaosema hapo ndipo runinga ilipopata uhuru: mmiliki anayeishi kwa matangazo ya biashara hana haja ya kumpigia waziri magoti. Hoja hii ina uzito. Mwaka 2014 serikali ya Orbán ilipoweka kodi ya matangazo iliyoielemea RTL kuliko wengine, stesheni hiyo ilijibu kwa taarifa za habari zenye makali dhidi ya serikali, na mwaka uliofuata kodi ikalegezwa.

Lakini TV2 nayo ilikuwa ya biashara. Ilipoingia mikononi mwa Andy Vajna, mtayarishaji wa filamu aliyekuwa pia kamishna wa serikali wa sekta hiyo, habari zake ziligeuka wimbo wa kuisifu serikali. Kwa hiyo kinga ya RTL ilikuwa kwamba wenye mali walikaa Luxembourg na Ujerumani, mbali na mkono wa Budapest. Kinga ya namna hiyo hudumu hadi siku wanapoamua kuuza.

Watetezi wa serikali ya Orbán hujibu kwamba baada ya ukomunisti vyombo vya habari vilitawaliwa na waliberali na wa mrengo wa kushoto, na kwamba walichofanya wao ni kusawazisha mizani. Sehemu ya kwanza ina ukweli wake. Ya pili inanishinda: katika kampeni ya 2022, kiongozi wa upinzani Péter Márki-Zay alipewa dakika 5 kwenye M1, chaneli ya habari inayolipiwa na walipa kodi wote. Mizani gani hiyo?

Hata hivyo Orbán hakuanzia patupu. Sheria ya 1996 iliweka bodi za kusimamia runinga ya umma, viti vikagawanywa kwa vyama, na kila uchaguzi ukawa vita ya viti hivyo. Aliyekuja kupata theluthi mbili ya bunge mwaka 2010 alikuta vyama vimeshazoea kuiona runinga ya umma kama ngawira.