Mchujo wa Championship unambeba nani?

Msimu wa 2024/25 wa Ligi ya Championship Tanzania ulimalizika Mei. Mtibwa Sugar na Mbeya City zikapanda Ligi Kuu moja kwa moja. Stand United ya Shinyanga iliitoa Geita Gold kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania nafasi ya ziada ya kupanda, kisha ikaanza kusubiri mpinzani kutoka Ligi Kuu. Ikasubiri hadi Julai, kwa sababu Ligi Kuu ilichelewa kuisha: dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, iliyoahirishwa Machi 8 ilikuja kuchezwa Juni 25. Kwa muda wote huo klabu ina njia mbili: kuwaweka wachezaji kambini bila mechi, au kuwaruhusu waende makwao warudi wazito. Zote ni hasara.

Mpinzani wake, Fountain Gate, alikuwa ametoka kufungwa na Tanzania Prisons. Ndivyo kanuni ilivyo: timu za 13 na 14 za Ligi Kuu zinacheza zenyewe kwa zenyewe, inayopoteza inapewa nafasi nyingine dhidi ya timu ya Championship. Fountain Gate ikaitumia, ikabaki. Mwaka mmoja kabla, Tabora United ilishindwa na JKT Tanzania, halafu ikajiokoa kwa Biashara United ya Mara. Wa juu anakosea mara mbili ndipo ashuke. Wa chini akiteleza mara moja, safari imeisha. Wanaolalamika kwamba mchujo unambeba wa juu wana hoja.

Lakini wanaoutetea mchujo nao hawaongei hewani. Wanaitaja KenGold ya Chunya. Ilipanda 2024 ikiwa bingwa wa Championship, dirisha dogo la usajili ikasajili hadi Bernard Morrison aliyewahi kuzichezea Simba na Yanga, na bado ilimaliza mkiani ikashuka. Kama bingwa yamemkuta hayo, wanauliza, mshindi wa tatu apandishwe bure kwa lipi? Kwao mechi mbili dhidi ya timu ya Ligi Kuu ndiyo mizani. Tena bila mchujo, timu za katikati ya msimamo zingekosa cha kupigania mapema tu, na sote tunajua mechi zisizo na maana huzaa maneno gani.

Hoja ya KenGold, hata hivyo, inachechemea. Pamba Jiji ya Mwanza ilipanda nayo mwaka uleule, kwa njia ileile, na haikushuka. Kilichoiangusha KenGold kinahitaji maelezo yake, na kanuni ya kupanda haihusiki.

Mimi nisingeufuta mchujo. Ningeanza na ratiba: Championship imalizike karibu na Ligi Kuu, hata kama italazimu kuianza kwa kuchelewa, ili timu zote mbili ziingie uwanjani zikiwa na moto wa mechi. Ile fursa ya kukosea mara mbili inayopewa timu ya Ligi Kuu nayo ningeiondoa. Iliyoshika nafasi ya 14 icheze moja kwa moja na mshindi wa mchujo wa Championship, na ya 13 ibaki salama. Klabu za Ligi Kuu, zenye sauti kubwa kwenye vikao, sitarajii zilipigie kura hilo.