Choya iliyoshinda juani haiokolewi na dawa

Kaskazi ikishika, Tanga ni fukuto tupu, na kuanzia stendi ya Kange hadi Raskazone utakuta juisi za choya, ukwaju na tangawizi. Nazipenda na nataka wanaozitengeneza wauze zaidi. Ila kuna swali moja linalorudiwa na wateja kila mahali: "Imetiwa dawa?" yaani kemikali ya kuzuia isiharibike. Wakiambiwa haina, wanakunywa kwa amani. Kwa maoni yangu tunaanzia pabaya. Kwanza tuulize hiyo chupa imeshinda wapi.

Choya inasifiwa kwa ule wekundu wake. Wekundu huo ni rangi ya asili iitwayo anthosianini, na adui zake ni joto na mwanga. Panga chupa juu ya meza juani, rangi itaanza kwenda kwenye udhurungi, na ladha nayo inapooza. Sodiamu benzoeti, dawa inayotumika sana kwenye vinywaji vya aina hii, haiwezi kuzuia hilo. Kazi yake ni kuzuia chachu, ukungu na baadhi ya bakteria, basi.

Hata kazi hiyo inaifanya vizuri pale tu penye uchachu, pH (kipimo cha uchachu, kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) ikiwa chini ya 4.5 hivi. Choya na ukwaju ni vichachu vya kutosha. Tangawizi tupu, isiyo na limau, siyo. Anayetia dawa kwenye tangawizi ya namna hiyo, akafunga chupa na kuiacha kwenye joto, amejipa matumaini tu, kwa sababu vipo vijidudu vya hatari vinavyoota humo bila kubadilisha harufu wala ladha. Limau pale ni sehemu ya ulinzi, si mapambo.

Sasa kuna jambo linaloniudhi kweli. Benzoeti ikikutana na vitamini C, kama ile ya limau au chungwa la Muheza, kisha chupa ikapigwa na joto na mwanga, inaweza kutoa benzini, kemikali inayosababisha saratani. Kiasi chake huwa kidogo sana, sitaki kumtisha mtu. Lakini Marekani mwaka 2006, vipimo vya serikali vilikuta vinywaji vichache vimezidi kiwango cha benzini kinachokubaliwa kwenye maji ya kunywa, na watengenezaji wakabadilisha michanganyiko yao. Kwa hiyo dawa ambayo kwenye friji haina neno, juani inageuka kuwa sababu ya wasiwasi. Halafu kuna kipimo. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 150 kwa lita moja ya kinywaji baridi. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni gramu 3, wala kijiko cha chai hakijai. Hapo mkono wa kukadiria haufai, mizani ndogo inahitajika.

Chupa zenyewe nazo. Chupa ya maji iliyookotwa haichemshiki, ukiitia juisi ya moto inajikunja. Ndiyo maana juisi hupozwa kwanza kwenye ndoo, mara nyingi wazi, na hapo ndipo ukungu na chachu vinapoingia. Chupa ya kioo inapokea juisi ya nyuzi 85, inafungwa papo hapo, na shingo yake inasafishwa na joto lilelile. Ni ghali, najua. Deli, yaani chombo cha kutunza baridi, na barafu pia ni gharama, hasa umeme ukikatika, na mama anayeuza chupa kwa bei ya chini hawezi kubeba yote peke yake. Akiongeza bei kidogo kwa sababu ya barafu, mimi nalipa bila kunung'unika, na naomba wenzangu walipe.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo: andikeni saa ya kutengeneza kwenye kifuniko, wekeni deli kivulini, na kilichobaki jioni kisimiminwe kwenye ndoo ya asubuhi, maana chachu ya jana itaichachusha yote kabla ya adhuhuri.