Bafu halibomolewi kwa sababu umechoka kuliona

Kila nikiziona zile picha mbili mbili za "kabla" na "baada" ya ukarabati wa bafu, hasira hunipanda. Kushoto vigae vya waridi vilivyofifia, kulia vigae vikubwa vya kijivu na kioo chenye taa. Kilichokuwa nyuma ya vigae hakionyeshwi. Hakuna anayesema kama kipako cha kuzuia maji kilipakwa, mara ngapi, wala kilipanda ukutani hadi wapi. Na watu wanaamua kwa picha hizo! Huyu anabomoa bafu kavu na imara. Yule anapaka rangi na kufunga koki mpya kwenye bafu ambalo ukuta wake umelowa muda mrefu. Wote wawili wamepoteza fedha, na wa pili atazipoteza tena.

Usianze kwa kuuliza bafu lina miaka mingapi. Uliza maji yanakwenda wapi. Wengi hudhani vigae ndivyo vinavyozuia maji. Sivyo. Grauti ya saruji, ile inayojazwa kwenye nafasi kati ya vigae, hunyonya maji, na kinachoulinda ukuta ni kipako kilicho chini ya vigae. Kipako kikipasuka, au kama hakikuwekwa tangu mwanzo, maji huzama kila mtu anapooga, na hakuna rangi wala grauti mpya itakayoyarudisha.

Kwa hiyo pima kabla hujamwita fundi. Shika bisibisi, gonga kila kigae kwa mpini, ukianza na safu ya chini karibu na shawa. Kilichoshika hutoa sauti nzito, kilichoachia hulia utupu. Kimoja au viwili vilivyo mbali na maji huenda gundi haikuenea vizuri. Badilisha hivyo tu. Vikifuatana safu nzima chini ya shawa, yaelekea ukuta umelowa. Nenda upande wa pili wa ukuta huohuo utazame rangi iliyovimba, plasta inayomomonyoka, au unga mweupe wa chumvi. Kama kuna chumba chini yako, itazame dari yake.

Sasa tafuta chanzo, maana ukuta uliolowa hauna maana moja. Anza na choo: tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, subiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa vali ya chini ya tangi umechoka, na hiyo ni kazi ya dakika chache; irekebishe kwanza, isije ikaisogeza mita na kukupotosha. Kisha funga koki zote, soma mita, usitumie maji kwa saa mbili, usome tena. Ikiwa imesogea, kuna bomba lenye shinikizo linalovuja. Isiposogea, maji yanapenyea kwenye dreini, yaani tundu la sakafuni la kutolea maji na bomba lake, au kati ya vigae. Siku ya kwanza mwaga ndoo kadhaa moja kwa moja kwenye tundu la dreini bila kurushia ukuta. Siku ya pili elekeza shawa ukutani kwa robo saa. Angalia unyevu unatokea baada ya jaribio lipi. Majaribio haya hayagharimu kitu, na ndiyo yanayopaswa kuamua.

Vipimo vikitoka vizuri, usibomoe. Hata kama rangi ya vigae inakukera. Fanya ukarabati mdogo, lakini uufanye kwa ukamilifu. Grauti ya zamani ikwanguliwe hadi theluthi mbili za kina chake; ukipaka mpya juu yake bila kukwangua, itabanduka. Kwenye kona, na pale ukuta unapokutana na sakafu, weka silikoni, kizibio kinachonyumbuka kama mpira, badala ya grauti, kwa sababu sehemu hizo husogea kidogo kidogo na grauti hukatika. Silikoni ya zamani itoke yote, pafutwe kwa spiriti, pakauke. Silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Bafu lisitumike kwa saa 24. Ukitaka choo kipya, pima kwanza kutoka ukuta uliomalizika hadi katikati ya tundu la maji taka, ukanunue choo cha kipimo hicho.

Jambo ninalolipinga kwa nguvu zote ni kubandika vigae juu ya vigae ili kukwepa vumbi la tindo. Nakubali kwamba juu ya ukuta mkavu, vigae vyote vikiwa vimeshika, kwa gundi inayofaa, inawezekana. Lakini sakafu hupanda sentimita moja hadi moja na nusu, mlango hugoma kufunguka, tundu la dreini hubaki shimoni. Na sehemu ya shawa iliyolowa ukiifunika hivyo, umefungia maji ndani. Uzito umeongezeka juu ya vigae vilivyokwisha kuachia, kuvu inaendelea kuota, na siku ya kubomoa utabomoa tabaka mbili. Fundi anayekushauri hivyo bila kugonga hata kigae kimoja, mkatae.

Sababu nyingine za kujenga upya zipo: mabomba ya mabati yaliyoziba kwa kutu, au mgonjwa asiyeweza kuvuka kingo ya shawa. Kuhamisha choo kwa ajili ya mwonekano tu, hapana. Bomba lake ni nene, linahitaji mteremko, na mara nyingi sakafu lazima ichimbwe.

Ikibidi kubomoa, bomoa hadi ukuta wenyewe, na utenge akiba ya asilimia 15 hadi 20 juu ya makadirio, kwa kuwa hakuna ajuaye kilicho ndani hadi kifunuliwe. Mabomba mapya yapimwe kwa shinikizo kabla ya kufukiwa. Sakafu ya shawa iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye dreini. Kipako kije baada ya saruji kukauka, tabaka mbili, la pili likikatiza mwelekeo wa la kwanza, kona zote zikiwa na utepe wa kuzuia maji, na kwenye shawa kipako kifike hadi juu ya kichwa cha shawa.

Hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia vigae. Wazuie. Kipako kikishakauka, ziba dreini, jaza maji sentimita chache, piga alama ya penseli penye usawa wake, uache saa 24. Kupungua kidogo sana ni mvuke. Yakishuka wazi, au upande wa chini ukilowa, anza kukagua penye shingo ya dreini na kwenye kona, ziba, kisha rudia jaribio lote tangu mwanzo kabla ya kuruhusu kigae cha kwanza.