Jasho Si Mafuta

Jumamosi iliyopita, alfajiri, pale Coco Beach, nilimsikia mwalimu wa mazoezi akimhakikishia mama mmoja aliyejifunga nailoni tumboni kwamba jasho lililokuwa likimtiririka ni mafuta yanayoyeyuka. Joto la Dar es Salaam humlowesha hata aliyeketi kivulini. Kumfunga nailoni anayekimbia ni kuuzuia mwili wake usijipoze, na uzito unaopungua kwa njia hiyo ni wa maji, ambao hurudi mara tu anapokunywa.

Kinachonikera zaidi ni ahadi yenyewe, kwamba mbio zitaondoa kitambi. Mtu mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia takriban kalori 350, ilhali kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Kwa hesabu hiyo anahitaji mbio kama hizo zipatazo 22 ili apunguze kilo moja, iwapo hatajilipa kwa chapati mbili na chai ya maziwa kila amalizapo. Kitambi hushughulikiwa kwanza mezani.

Shangazi yangu wa Mbagala aliacha mchakamchaka kwa sababu mizani haikusogea, na hakuna aliyemwambia kwamba presha yake, iliyokuwa imeanza kushuka, ndiyo iliyokuwa faida yenyewe. Hilo linaniuma sana. Mtu anapokimbia, anapoogelea au anapotembea kwa haraka mara kwa mara, moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa hutanuka kwa urahisi, na misuli hufyonza sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapofanya kazi kwa shida. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo nayo yaweza kupungua kabla mizani haijaonyesha lolote. Daktari Mmarekani Kenneth Cooper, aliyeyatangaza mazoezi haya, yaitwayo aerobiki, mwaka 1968, aliwapima watu kwa umbali walioweza kukimbia katika dakika 12, wala si kwa kilo zao.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba wanaofanya mazoezi kwa muda mrefu hupungua kiasi, na kwamba waliokwisha kupungua huyahitaji ili wasinenepe tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea kwa haraka kutoka nyumbani hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi nako kumo katika hesabu hiyo.

Ninawaomba viongozi wa vilabu vya jogingi, kuanzia Temeke hadi Tegeta, wanunue mashine ya presha kabla ya fulana mpya za klabu, wawapime wanachama wao kila mwezi kabla ya kuanza kukimbia, wawaandikie matokeo yao kwenye daftari, na wapige marufuku nailoni.