Kumrusha mwigizaji kwa waya: wapi pa kubana matumizi, wapi pasiguswe

Mtengenezaji filamu asiye na fedha akitaka mhusika wake aruke ukuta, kwanza hupiga hesabu hii: mwigizaji ana kilo 70, waya unabeba kilo 300, basi ziada ipo. Hesabu hiyo ni kweli iwapo mtu amening'inia ametulia kama taa. Akidondoka mita 1, kisha waya umsimamishe ndani ya sentimita 10, nguvu inayompata hufika takriban mara 11 ya uzito wake, sawa na kilo 770. Na waya wa chuma haunyumbuki. Huenda akasimamishwa kwa nafasi fupi kuliko hiyo.

Ndiyo maana wapo wanaosema kazi hii waachiwe mafundi waliosomea. Siwapuuzi. Mwaka 2009 David Holmes, aliyeigiza matukio ya hatari kwa niaba ya mhusika mkuu wa filamu za Harry Potter, alivunjika shingo mazoezini alipovutwa nyuma kwa nguvu kwa waya, akapooza. Alikuwa mzoefu, tena katika kazi yenye fedha nyingi.

Hata hivyo, kukataza hakuwazuii vijana wenye kamera. Huwafanya wajaribu kwa kamba ya kuanikia nguo, bila kumuuliza mtu. Na ujuzi wenyewe si siri. Filamu za mapigano za Hong Kong zilijengwa juu ya kapi, kamba na kikosi cha watu wanaovuta kwa mikono. Vifaa vya wapanda milima vinauzwa vikiwa vimepimwa, na uwezo wake umechorwa kwenye chuma: karabina (pete ya chuma yenye mlango, ya kuunganishia kamba) ya kilonyutoni 22 hubeba takriban tani 2.2 ikivutwa kwa urefu, ila ikivutwa kwa upana uwezo hushuka hadi karibu theluthi moja. Anayejua kuisoma alama hiyo tayari ameepuka kosa kubwa.

Kosa jingine liko juu ya vichwa vyetu. Kamba ikipita kwenye kapi moja la darini na kuvutwa kutoka chini, boriti haibebi kilo 70 za mwigizaji tu. Inabeba pia nguvu ya wanaovuta, karibu kilo 140 kwa jumla. Wengi huipima kamba wakaisahau boriti.

Mimi naegemea upande wa kuruhusu, kwa sharti kwamba ubahili uhamishwe. Zamani waya ulilazimika kuwa mwembamba ili usionekane kwenye picha. Siku hizi unapiga picha ya mandhari tupu kwanza, kamera ikiwa haijasogea, kisha unaufuta waya kwa programu hata ya bure. Basi kuchagua waya mwembamba ni kuhatarisha mtu bila sababu. Kimo nacho kipunguzwe: mtu aliye sentimita 50 kutoka kwenye godoro, akipigwa picha na kamera iliyo chini, huonekana yuko juu mno.

Ila mvuto wa ghafla, ule wa mtu kurushwa nyuma kana kwamba amelipukiwa na bomu, nauondoa kabisa mikononi mwa wasiosomea, na kudondoka huru pia. Hata kuning'inia tu kuna hatari yake: mtu akikaa kwenye mikanda bila kusogeza miguu, damu hujikusanya chini na anaweza kuzirai, hivyo ngazi ya kumshushia iwe karibu kabla hajapanda.

Kabla ya mtu kupanda, upandishwe mfuko wa mchanga wenye kilo 100, kwa mwendo uleule uliopangwa, tena na tena, huku kila kiungo kikikaguliwa. Na mwongozaji asishike kamba. Macho yake yako kwenye kioo cha kamera, ilhali mvutaji hapaswi kuyaondoa kwa aliye hewani hata sekunde moja.