Miaka saba si tarehe ya kukabidhiana mtoto

Ilikuwa Januari, wiki shule zilipofunguliwa. Jirani yetu mmoja alipata wageni asubuhi kabla hajamaliza kupiga pasi sare ya mwanawe. Alikuwa baba wa mtoto, ambaye walitalikiana miaka minne nyuma, na shangazi wawili. Walikuja na begi jipya la mgongoni na viatu vyeusi ndani ya boksi. Shangazi mkubwa aliongea kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, tumemfuata mwenetu. Miaka saba imetimia." Mama hakubisha, maana naye aliamini hivyo hivyo. Aliomba tu mtoto amalize chai.

Imani hiyo, kwamba mtoto ni wa mama hadi miaka saba na baada ya hapo ni wa baba, nimeisikia vibarazani, kwenye daladala, na hata kwa wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ambako kwa kawaida wanandoa hutakiwa kupita kwanza kabla ya kufungua shauri la talaka. Katika sheria ya Tanzania haimo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema ichukuliwe kwamba ni heri mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama yake, lakini baba anaruhusiwa kuleta ushahidi wa kuonyesha kwamba kwa mtoto huyu sivyo. Basi. Hakuna mstari unaosema akifika saba ahamishwe. Kifungu hicho hicho kinaionya mahakama kuhusu ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumbadilishia walezi. Akishavuka umri huo, kinachopimwa ni manufaa yake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelikazia hilo.

Wapo wanaosema desturi hii ni ya dini. Katika madhehebu ya Kiislamu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani yetu, hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, ni ya mama hadi mtoto aweze kupambanua mambo, umri unaokadiriwa kuwa miaka saba, kisha mtoto huachiwa achague kati ya wazazi wake. Anachagua yeye, hafuatwi na begi. Wengine husema ni mila: ng'ombe walitoka, watoto ni wa ukoo. Ni kweli kifungu cha 125 kinaitaka mahakama iangalie pia mila za jamii husika. Ila mila zetu si moja. Kwa Waluguru na Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo kwingine angekuwa nayo baba.

Hata hivyo, kina baba wanaolalamikia dhana ya kisheria ya miaka saba, ile ya kwamba ni heri mtoto mdogo akae na mama, wana hoja, na inaniuma inapopuuzwa. Mwanaume anayeamka usiku mtoto akiwa na homa, anayejua siku ya kliniki na anayempeleka chekechea, anaingia mahakamani tayari yuko nyuma kwa sababu tu ya jinsia yake. Hasemwi kuwa mzazi mbaya, ila yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wapo pia wanaotuma pesa kila mwezi lakini kila wakiomba kumwona mtoto wanaambiwa amelala, au ameenda kwa bibi. Na hilo la bibi ni zito: mara nyingine mama aliyepewa mtoto yuko mjini akihangaika na kazi, na mtoto yuko kijijini. Baba anauliza, na ana haki ya kuuliza: kama mtoto halelewi na mama, kwa nini asilelewe na mimi?

Kenya imejaribu njia nyingine. Ibara ya 53 ya Katiba yake ya mwaka 2010 inawapa mama na baba wajibu sawa kwa mtoto, wawe walioana au la. Ni lugha ninayoitamani. Lakini ukifuta ile dhana kwetu leo bila kugusa kingine, naogopa atakayeumia ni mama asiye na uwezo. Kumthibitishia hakimu kwamba wewe ndiye mlezi bora kunataka nauli, muda wa kuhudhuria kila shauri linapoahirishwa, na mara nyingi wakili. Mwanamke aliyeondoka kwenye ndoa na mfuko wa nguo hana hivyo vitu. Dhana ya miaka saba inamwezesha angalau kuanza akiwa amesimama.

Tena hofu ya kunyang'anywa mtoto hugeuzwa bei. Nimesikia zaidi ya mara moja mwanamke akisema barazani: "Niachieni mtoto, sitaki kitu kingine." Hapo anaacha nyumba aliyochangia kuijenga, ingawa tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Anaacha na matunzo ya mtoto pia. Mali ni yake, akitaka aiache. Matunzo ni haki ya mtoto. Mama hana mamlaka ya kuyasamehe. Kifungu cha 129 kinamtaka baba amtunze mtoto hata kama anakaa kwa mwingine.

Kwa hiyo mimi ningeiacha dhana hiyo ibaki kwa sasa, lakini ningetaka mahakama ziwe nyepesi kuiweka kando baba anapoonyesha kwamba ndiye aliyekuwa akilea. Ripoti ya ofisa ustawi wa jamii ina maana kubwa hapa, mradi awe amefika nyumbani kweli, akaona mtoto analala wapi na nani anamfulia sare. Na mtoto aliyekua kiasi cha kuwa na mawazo yake asikilizwe na hakimu faraghani. Swali la "unampenda nani zaidi?" linaloulizwa na mashangazi sebuleni linamfundisha tu kumjibu kila mtu anachotaka kusikia.

Zaidi ya yote, mabaraza yaache kuandika kwenye makubaliano ile sentensi ya "mtoto atakaa kwa mama hadi atimize miaka saba." Sentensi hiyo ndiyo iliyomleta shangazi na begi. Waandike mtoto anakaa wapi na anasoma shule gani. Baba anamchukua Ijumaa jioni na kumrudisha Jumapili kabla ya magharibi. Ada ni ya nani, bima ya nani. Idi au Krismasi ya mwaka huu iko upande upi. Hali ikibadilika, kuna mahakama ya kuomba amri mpya.

Yule mtoto wa jirani alirudi baada ya wiki tano, na shule nyumbani kwa baba alikuwa ameshaanza. Begi lilikuwa bado jipya. Mama yake alimfungulia zipu, akakuta madaftari yenye nembo ya shule ambayo hakuwahi kuiona.