Lis Hartel: ufundi uliofunikwa na huruma

Kila inapotajwa Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952, simulizi inayorudiwa ni ile ya Henri Saint Cyr wa Sweden, mshindi wa dhahabu ya dresaji (mchezo wa kumwongoza farasi afanye miondoko maalumu mbele ya majaji), akimsaidia Lis Hartel wa Denmark kupanda jukwaa la medali. Lilikuwa tendo la kiungwana, lakini kwa maoni yangu limemfunika mama huyo kwa huruma kiasi kwamba ufundi wake hauzungumzwi tena.

Hartel alipatwa na polio mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na tena mjamzito. Alijifungua salama, akarudi kwenye farasi, ingawa miguu yake ilibaki imepooza kuanzia magotini kwenda chini. Katika dresaji, shavu la mguu linalogusa ubavu wa farasi ndilo linalomwamuru aongeze mwendo, aende upande, au akimbie mdogomdogo palepale alipo bila kusogea. Hartel, aliyekosa nyenzo hiyo na ambaye hata kupanda na kushuka ilibidi asaidiwe, alimzoesha farasi wake jike, Jubilee, kufuata uzito wa mwili, mgongo na nyonga za aliyemkalia.

Wapinzani wake hawakuwa wa kubahatisha. Hadi mwaka 1948 mchezo huu kwenye Olimpiki ulikuwa wa maofisa wa jeshi peke yao, na sheria ilikazwa hivi kwamba Sweden ilinyang'anywa dhahabu ya timu iliyoipata London, kwa kuwa cheo cha Gehnäll Persson hakikufikia uofisa (kana kwamba farasi husoma nyota za begani). Helsinki ndipo wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza, wakapambana na wanaume hao uwanja mmoja, na Hartel akatwaa fedha kwa alama 541.5, nusu alama tu mbele ya Mfaransa André Jousseaume.

Anayeshuku kwamba nusu alama ile ilikuwa sadaka ya majaji na atazame mwaka 1956, mashindano ya farasi yalipofanyika Stockholm badala ya Melbourne kutokana na sheria za karantini za Australia. Saint Cyr alipata 860, Hartel 850, na safari hii wa tatu alikuwa mwanamke pia, Liselott Linsenhoff wa Ujerumani, ambaye mwaka 1972 mjini Munich alichukua dhahabu yenyewe.